Nyuma ya Kibao cha "Mbwa Mkali"

Ukipita jioni katika vichochoro vya Sakina, Kijenge au Njiro mjini Arusha, hutakwenda mbali kabla ya kukuta kibao cha bati kilichopigiliwa misumari langoni, chenye maneno mawili tu: MBWA MKALI. Nyuma ya lango hilo mara nyingi yumo mnyama aliyefungwa mnyororo tangu alfajiri. Bakuli lake lina mabaki ya ugali wa jana, na shingoni amevaa ukanda ambao haujalegezwa tangu alipokuwa mdogo. Mwenye nyumba amegharimia kibao, mnyororo na kufuli. Ukimwuliza amemnunulia nini mbwa mwenyewe, atakutazama kana kwamba umemwuliza ameununulia nini ukuta.

Hata hivyo mambo yanabadilika. Katika maduka ya mjini sasa huuzwa chakula cha mbwa cha mifukoni, sabuni zake, dawa za kupe, kanda za shingo za kila rangi, na hata mipira na mifupa ya bandia ya kumchezesha. Mwenye fedha husimama mbele ya rafu asijue achukue kipi. Asiye na fedha hudhani kwamba kumtunza mbwa vizuri ni anasa ya wageni. Wote wawili wamekosa jambo lile lile, nalo ni kuufahamu mwili wa mbwa. Anayeufahamu atagundua kwamba baadhi ya vitu vya hatari vimo tayari katika stoo yake, na kwamba mchezo unaomfurahisha mbwa kuliko yote hauhitaji senti.

Mwezi wa Januari mwaka mmoja nilikwenda Tengeru kumjulia hali mwalimu wangu wa zamani, ambaye amestaafu na kulima kahawa na migomba katika shamba dogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa umetukuta na mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa Simba, mbwa wa kienyeji mwenye rangi ya udongo, amelala ubavu chini ya mparachichi. Mwili wake ulikuwa wa baridi, macho yamelegea, na moyo ulipiga polepole mno. Jana yake kijana wa shamba alikuwa amemwogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Kupe walikuwa wengi," Mwalimu alinieleza, "kwa hiyo akatia vifuniko viwili katika ndoo ndogo. Nami nilidhani kwamba kilichomfaa ng'ombe mzima hakiwezi kumdhuru mbwa." Tulimfunga katika gunia tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akamdunga sindano, akaagiza alazwe mahali pa joto. Siku ya tatu Simba alisimama akanywa maji. Wako mbwa wengi wasiobahatika hivyo.

Dawa za majosho huundwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe na kwa vipimo vya ng'ombe. Iliyotumika Tengeru ilikuwa ya jamii ya amitrazi. Dawa hiyo, ikizidi kipimo, hupunguza mapigo ya moyo, hushusha joto la mwili na kumtia mnyama usingizi mzito. Nyingine, za jamii ya oganofosfati, huvuruga mishipa ya fahamu: mbwa hutoka mate kwa wingi, hutetemeka, na mboni za macho hunywea zikawa kama ncha ya sindano. Tena mbwa ana tabia ambayo ng'ombe hana kwa kiasi hicho, nayo ni kujiramba mwili mzima, hivyo kilichopakwa juu ya manyoya huishia tumboni. Kuhusu ivamektini, ambayo wafugaji huitumia sana, kuna aina za mbwa, hasa wale wachungaji wa kondoo wenye asili ya Uskoti, ambao wengi wao huzaliwa na kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo. Kipimo kisichomdhuru mbwa mwingine chaweza kuwaua. Na mwenye mbwa na paka nyumba moja aelewe kwamba pamethrini, ambayo mbwa huistahimili, ni sumu kali kwa paka, hata akilala tu karibu na mbwa aliyetoka kupakwa.

Wakazi wa Arusha wangepaswa kuwa wa kwanza kulijua somo hili. Hapo Ngaramtoni, kilomita chache kutoka mjini, ndipo ilipokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Kitropiki, iliyoanza kama chombo cha Afrika Mashariki, ikawa ya Tanzania kwa sheria ya mwaka 1979, na mwaka 2020 ikaingizwa katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuvipima viuatilifu kabla havijamfikia mwananchi. Lakini kipimo cha maabara hakina faida yoyote dawa ikishamiminwa sokoni kutoka chupa yake halisi kuingia katika chupa ya maji ya kunywa isiyo na kibandiko. Chupa ya namna hiyo isinunuliwe, hata ikiwa nusu ya bei.

Kupe mwenyewe anahitaji kueleweka kabla ya kupigwa vita. Kupe wa kahawia wa mbwa hapandi juu ya mbwa mara moja akakaa hapo maisha yake yote. Hunyonya damu akiwa buu, akashuka. Hunyonya akiwa tunutu, akashuka. Hunyonya tena akiwa mzima, kisha jike hushuka na kutaga mayai yapatayo hata 4,000. Hushukia wapi? Katika nyufa za banda, chini ya mbao, nyuma ya plasta iliyobanduka. Humo aweza kukaa miezi mingi bila chakula, akingoja. Ndiyo maana mtu huogesha mbwa Jumamosi, na Jumamosi inayofuata kupe wamerudi, naye akaongeza dawa badala ya kuziba nyufa. Banda lipigwe lipu, lipakwe chokaa, matandiko yachomwe, nyasi zinazolizunguka zifyekwe. Juu ya mbwa itumike dawa iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa, iliyopimwa kwa uzito wake. Ya nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu kupe huyu hubeba vijidudu vinavyoharibu chembe za damu. Ufizi wa mbwa mweupe kama karatasi, pamoja na homa na kukataa chakula, ni sababu ya kumwona daktari siku hiyo hiyo.

MEZANI PA MBWA

Mbwa wa mkoani kwetu hula ugali na dagaa, au makombo ya nyumbani, na si chakula kibaya ikiwa unga ni mzima. Neno lenyewe ni hilo: ikiwa unga ni mzima. Katika nyumba nyingi mahindi yaliyoota ukungu huchambuliwa kwa uangalifu, meupe yakawekwa kwa ajili ya watoto na yaliyooza yakasagwa kwa ajili ya mbwa na kuku. Mama wa nyumba huona ameokoa chakula. Lakini ukungu huo huweza kuacha ndani ya punje sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani, haina ladha, na haimalizwi na moto wa sufuria. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 kati yao wakafariki. Mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao hushindwa mapema sana. Huacha kula, hutapika, macho na ufizi huwa manjano, na mara nyingi mwenyewe hudhani amelishwa sumu na jirani mwenye chuki.

Wala mfuko wenye picha nzuri si kinga kamili. Mwishoni mwa mwaka 2020 nchini Marekani mbwa zaidi ya 100 walikufa baada ya kula chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Mnunuzi autazame mfuko: tarehe ya mwisho wa matumizi, mshono usiofunguliwa, na harufu. Chakula kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi, lililokaa dukani masika mazima, hakifai.

Mteremko wa Meru una hatari zake za pekee. Kahawa ina kafeini, na mbwa mdogo aliyetafuna buni zilizoanikwa aweza kupatwa na mtetemeko na moyo kwenda mbio. Parachichi hudondoka mashambani kwa wingi na mbwa huzipenda kwa mafuta yake. Tatizo kubwa huwa ni kokwa, ambalo mbwa hulimeza zima likaziba utumbo. Mezani, vitunguu, viwe vibichi au vya kupikwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Zabibu huweza kuua figo. Chokoleti ina theobromini ambayo mwili wa mbwa huitoa polepole mno. Na sukari ya bandia iitwayo zailitoli, iliyomo katika baadhi ya bazoka na peremende, hushusha sukari ya damu kwa ghafla. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka kama vigae. Najua msomaji atasema babu yake aliwapa mbwa mifupa maisha yake yote. Ni kweli; naye pia alizika mbwa kadha wa kadha bila kujua waliuawa na nini.

Jambo moja zaidi, nalo latugusa sisi wenyewe. Mji wa Arusha ni mji wa nyama choma, na machinjoni hupatikana mapafu na maini yenye malengelenge ya maji ambayo hutupiwa mbwa. Ndani ya malengelenge hayo mna viluwiluwi vya tegu mdogo sana, ambaye hukua katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika katika manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa huyameza. Miaka kadhaa baadaye uvimbe uliojaa maji huanza kukua katika ini au pafu lake. Matumbo ya kumpa mbwa yachemshwe sana kwa muda usiopungua nusu saa, yenye malengelenge yachomwe au yafukiwe kwa kina, na mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari.

KABLA YA KUTOKA NJE YA LANGO

Hapana matembezi wala mchezo ulio salama na mbwa asiyechanjwa. Mwaka 2002 wataalamu walikadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 1,500 kila mwaka nchini Tanzania, mara nyingi zaidi ya vifo vilivyokuwa vikiandikwa rasmi, na wengi wa wanaoumwa ni watoto. Dalili zikishaonekana kwa mtu, tiba hakuna. Lakini ugonjwa huu ni mnyonge kuliko sifa zake: utafiti uliofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, mbwa asiyefikia hata wawili. Kwa hiyo palipochanjwa mbwa 70 katika kila 100, na chanjo ikarudiwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha kwa kufuata kadi yake. Na yeyote aliyeumwa, hata na mbwa anayemfahamu, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Baada ya chanjo ndipo tuje kwenye vifaa. Ukanda wa shingo uwe mpana, na vidole viwili vipite kati yake na shingo. Kwa mbwa anayekua upimwe kila mwezi. Kamba ya kuongozea iwe ya ukanda uliofumwa. Mnyororo huchubua mkono, na kamba ya mkonge, pamoja na heshima yote kwa zao letu, hukwaruza ngozi ikikazwa. Kwa mbwa avutaye sana, mikanda inayopita kifuani ni bora kuliko ya shingoni kwa kuwa haimkabi koo.

Saa za matembezi huamuliwa na mwili wake. Binadamu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa ana tezi za jasho chache chini ya nyayo tu, na joto lake hulitoa kwa kuhema, ulimi ukiwa nje. Joto lake la kawaida ni kama sentigredi 38 na nusu, na likizidi 41 yuko katika hatari ya kufa. Watu hudanganywa na upepo wa Arusha, wakasahau kwamba jua la saa 7 mchana mwezi wa Februari huichemsha lami. Weka mgongo wa kiganja chako barabarani uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia. Kabla ya saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni, njia za vumbi za pembezoni mwa mashamba ya kahawa zafaa sana. Ukingoni mwa msitu mbwa afungwe kamba, kwani nyani huwa hawakimbii mbwa kila mara.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la kreta ya Ngurdoto na kupanuliwa hadi Meru mwaka 1967, si mahali pa kumpeleka mbwa. Wengine hudhani katazo hilo ni kwa ajili ya kuwalinda mbwa dhidi ya chui. Ukweli waweza kuwa kinyume. Mwaka 1994 virusi vya distempa ya mbwa viliingia kwa simba wa Serengeti, na kiasi cha theluthi moja, yaani simba wapatao 1,000, wakafa. Mbwa wa vijiji vilivyopakana na hifadhi ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Chanjo ya distempa, basi, ni ya kuombwa kwa daktari pamoja na ile ya kichaa.

PUA

Nimekiacha nyuma kile ambacho mbwa angekitanguliza. Pua ya binadamu inakadiriwa kuwa na seli za kunusia kama milioni tano. Ya mbwa, kwa kutegemea aina yake, milioni 100 hata 300. Tena anapotoa pumzi, hewa hupita katika mipasuko ya pembeni mwa pua, isiifukuze harufu iliyo mbele yake. Mbwa aliyefungwa mti mmoja mwaka mzima ni sawa na msomaji aliyefungiwa chumbani na ukurasa mmoja wa gazeti.

Usa River, katika barabara ya kwenda Moshi, shirika la African Wildlife Foundation liliendesha katika muongo wa 2010 mafunzo ya mbwa na waongozaji wao kwa ajili ya kugundua pembe za ndovu na za kifaru bandarini na katika viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki. Mbwa wa kazi hiyo hanusi mizigo kwa sababu amechapwa au ameshindishwa na njaa. Hunusa kwa kuwa akifaulu hutupiwa kichezeo akakichezea pamoja na mwongozaji wake. Kazi inayowatia hofu wafanyabiashara wa magendo, kwake ni mchezo wa kutafuta mpira.

Mchezo huo twaweza kuucheza uani. Ukinunua mpira, uwe mkubwa kuliko uwezo wa koo lake kuumeza, na mgumu kiasi cha kutomeguka. Vipande vya tairi kuukuu vina nyuzi za chuma ndani, havifai. Fimbo ya kuni humchoma kinywa. Fundo la kitambaa kikuukuu latosha, ilimradi liondolewe likianza kufumuka. Kuhusu vichezeo vya plastiki vinavyolia, sioni ubaya, isipokuwa mbwa wengi hukitoa kidude kile cha mlio na kukimeza siku ya kwanza.

Na ukali? Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor nchini Marekani, walitoa kitabu wakionyesha kwamba mbwa hujifunza kuwazoea watu hasa kati ya juma la tatu na la kumi na mbili la maisha yake. Aliyefichwa asione watu katika majuma hayo huwa mwoga, na mwoga aliyefungwa mnyororo, asiyeweza kukimbia, hana lililobaki isipokuwa kuuma. Huyo hachagui kati ya mwizi na mtoto aliyefuata mpira wake. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua wenyeji, akazungukia uzio usiku akiwa huru, akabweka kwa mgeni.

Mwalimu alifuga mbwa kwa mnyororo miaka 30, na sikutazamia kwamba angenisikiliza. Nilipopita Tengeru mwezi wa Juni, kukiwa na baridi na ukungu, mnyororo ulikuwa umening'inizwa ghalani na mkungu wa ndizi umefungwa kwake. Kibao kipo pale pale langoni. Wajukuu walikuwa wamepanga makopo sita ya maziwa, wameyafunika chini juu, na dagaa mmoja chini ya kopo mojawapo. Simba aliachiliwa. Aliyapita matatu ya kwanza bila kuyagusa, akasimama mbele ya la nne, akalipindua kwa pua.

"Si kwamba ameona tulipoweka," alisema Mwalimu. "Tulimfungia jikoni." Kisha akawaambia watoto wayapange upya.